Kioo cha Milimita Sita

Baba na Mjomba hawasemezani, isipokuwa wanapobeba kioo.

Ni mafundi vioo wote wawili. Karakana yao ni moja, ina mlango mmoja na birika moja la chai. Mjomba ni kaka wa mama yangu, na ndiye aliyempeleka Baba nyumbani kwao mara ya kwanza, jambo ambalo siku hizi analitaja kama ajali. Waligombana juu ya meza yetu wenyewe ya kulia chakula. Kioo cha kuifunika kilikatwa kikapungua. Baba anasema aliyesoma futi ni Mjomba. Mjomba anasema yeye alikuwa ameshika ncha tu. Kioo kipo mezani mpaka leo, na anayekaa upande wa dirishani huweka sahani yake kwenye mbao tupu.

Ugomvi wao hauna makelele. Baba akitaka chai anamwambia mteja aliye karibu, "Hebu mwambie huyo bwana asogeze birika." Mjomba naye anajibu kupitia kwa mteja huyohuyo kwamba birika limekwisha kitambo na wenye macho wameliona. Mtu anakuja kuulizia kioo cha dirisha la choo, anajikuta ni msuluhishi.

Lakini kioo kikubwa hakibebwi na watu walionuniana. Kinasimama wima kati yao, mmoja mbele na mmoja nyuma, na asiyeona njia lazima aambiwe. Kwa hiyo wakishakishika tu, ndimi zinafunguka.

"Shemeji, ngazi."

"Nimeiona, shemeji."

"Kulia kidogo. Upumzike?"

"Twende tu."

Huendelea hivyo kwa upole mpaka kioo kiegemee ukuta, juu ya vipande viwili vya mbao. Wakivua glavu, ugomvi unarudi mahali pake. Mama anasema kuna ndoa nyingi ambazo hazina utaratibu mzuri kama huo.

Hiyo ndiyo hali niliyoikuta niliporudi kutoka chuoni na shahada ya dansi. Baba aliwaeleza wateja kwamba binti yake amesomea mambo ya viungo, na watu kadhaa wakaja kunionyesha magoti.

Shule niliyosoma utotoni ilikuwa inatafuta mwalimu. Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye sauti ya chini, alitaka watoto wafundishwe dansi. Msaidizi wake, ambaye wanafunzi wanamwita Kengele kwa sababu kengele ya shule haiguswi na mtu mwingine, alitaka kipindi hicho kiende kwenye hesabu. Si mtu mbaya. Alinifundisha kugawanya, na nagawanya vizuri.

"Watoto wanaruka hata bila kufundishwa," aliniambia mbele ya Mwalimu Mkuu. "Ukiniletea watoto wanaruka, utakuwa umenionyesha nini? Niletee watu wazima wawili ambao hawajacheza tangu wazaliwe. Wakicheza, kipindi ni chako."

Mwalimu Mkuu aliniangalia. "Unaona ni haki?"

Nikasema ni haki. Tukakubaliana Ijumaa, mbele ya walimu wote.

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Naamini mtoto anayejua mkono wake unaishia wapi atajua pia kudai nafasi yake duniani. Niliandika hivyo kwenye barua ya maombi na sijabadili neno. Isitoshe, Shangazi alikuwa ameshanitafutia nafasi kwenye kibanda cha maegesho ya magari. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni na kunyoosha mkono mmoja dirishani. Walikuwa wananisubiri Jumatatu, kama shule ingenikataa.

Watu wazima ambao hawajawahi kucheza ni adimu kuliko unavyofikiri. Kinyozi wa jirani alisema hachezi, kisha akanionyesha jinsi asivyocheza. Mwishowe nilikumbuka picha ya harusi ya wazazi wangu. Watu wote wamo katikati ya ukumbi, mikono juu. Bwana harusi kasimama ukutani. Kando yake kasimama Mjomba. Wakati huo walikuwa marafiki.

Baba alikubali kwa sababu mimi ni mwanawe. Mjomba alikubali kwa sababu Baba alikuwa amekubali.

Tulianza mazoezi karakanani, jioni, baada ya kufunga. Niliwaeleza kwamba dansi yoyote ile, hata ukiifungua vipi, ndani yake unakuta mambo yaleyale. Kuna mwili unaosogea. Kuna nafasi unamosogea, juu, chini, mbele, nyuma. Kuna muda, yaani haraka au taratibu. Kuna nguvu, uzito au wepesi. Na kuna uhusiano, kwa sababu mtu hasogei peke yake duniani.

Walisikiliza vizuri, kila mmoja kwenye kigoda chake.

"Tuanze na mwili," nikasema. "Mjomba, inua mkono."

"Nichukue nini?"

"Usichukue kitu. Uinue tu."

Akauinua. "Halafu?"

"Halafu ushushe."

Akaushusha, akautazama. "Umekwenda mtupu na umerudi mtupu. Sasa mama, hiyo si safari ya bure?"

Baba aliinua wake kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Mwambie baba yako mkono ule umepinda," Mjomba akasema.

"Mwambie mjomba wako hakuna aliyemwomba apime," Baba akajibu. "Kupima tunajua anavyopima."

Nikawaomba wageukiane, tujaribu uhusiano. Waligeuka, ila kila mmoja upande wake, wakapeana migongo. Nikawazungusha kwa mabega. Baba akaitazama kalenda iliyokuwa juu ya kichwa cha Mjomba, mwezi wa picha ya maporomoko ya maji, akaitazama kwa moyo wote.

Jioni iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Nilikwenda nyumbani nikamuuliza Mama kama kibanda cha maegesho kina feni. Akasema aliuliza, hakina.

Wazo lilinijia asubuhi, nikiwatazama wanavyoshusha kioo garini. Sikusema kitu mpaka jioni.

"Leo mtabeba kioo," nikawaambia.

Wakasimama haraka kuliko siku zote. "Kipi?" Baba akauliza.

"Hakipo. Mtabeba kioo ambacho hakipo."



"Hakipo, sawa," Baba akasema. "Lakini cha ukubwa gani?"

"Kimo cha mtu, Baba."

"Na upana?"

Nikatanua mikono.

"Na unene? Milimita ngapi?"

Nikasema sita, kwa kuwa ndiyo niliyozoea kuisikia.

"Sita," Baba akamwambia Mjomba, moja kwa moja, machoni.

"Sita inabebeka," Mjomba akasema. "Ni cheupe, cha kuona upande wa pili, au cha rangi?"

"Mwanangu, ni cheupe au cha rangi?"

"Cheupe."

Wakaenda kuchukua glavu.

Nimesoma dansi kwa miaka na nimeona watu wakilipwa vizuri kwa kusogea vibaya. Wale wawili walikunja magoti kabla ya mgongo, wakapumua pamoja bila kuambiana, na hewa iliyokuwa kati yao ikanyanyuka. Waliizunguka meza ya kukatia. Baba alirudi kinyumenyume bila kutazama nyuma, akiongozwa na sauti.

"Kigoda, shemeji."

"Asante, shemeji."

Hapo nikaanza kufundisha kweli. Nikasema kioo sasa ni cha milimita tatu, na mikono yao ikalegea, wakawa wanakwenda kama watu waliobeba mtoto aliyelala. Nikasema ni cha kumi, na shingo zikakaza, nyayo zikashika sakafu. "Hiyo ndiyo nguvu," nikamwambia Baba. "Hicho ulichobadilisha sasa hivi." Akatazama mikono yake kana kwamba kuna mtu kamrudishia kitu alichokuwa amekisahau kwake. Nikasema mvua inakuja, tukapata muda. Nikasema kuna korido nyembamba, kisha mlango mfupi, tukapata nafasi. Mjomba alikuwa na mazoea ya bega moja, la kulia, nikamgeuza mpaka akajua kwamba ana la kushoto pia. Nikawaomba wakipitishe juu ya vichwa na kukizungusha.

"Hicho sijawahi kukifanya," Mjomba akasema, akihema, anacheka.

"Kwa sababu kingevunjika," Baba akasema.

"Hiki hakivunjiki," nikawaambia.

Wakatazamana, kama wazee wanavyotazamana mtoto akisema jambo. "Kioo chochote huvunjika, mama," Mjomba akanijibu kwa huruma.

Tatizo likawa mwisho. Kubeba tu ni kazi, hata kukiwa kuzuri namna gani. Nilitaka wafike mahali wakiachie kioo na mwendo ubaki, mikono mitupu, mtu na mwenzake. Hiyo ndiyo ingekuwa dansi. Nikasema, "Sasa kioo kimetoweka. Endeleeni."

Walisimama pale pale. "Kimekwenda wapi?" Baba akauliza.

"Kimetoweka tu, Baba."

"Kioo hakitoweki mkononi mwa mtu. Kinawekwa."

Basi wakakiweka, wakakiegemeza ukutani juu ya vipande vya mbao, wakavua glavu. Na glavu zilipotoka, Mjomba akaenda kwenye kigoda chake na Baba akarudi kwenye maporomoko ya maji. Ikawa hivyo kila jioni mpaka Alhamisi. Nikawaambia ukweli: bila sehemu ile ya mwisho, Kengele atasema ameona mafundi wakifanya kazi, na Jumatatu nitakuwa kibandani.



"Mwambie baba yako tutajaribu," Mjomba akasema.

"Mwambie nimesikia," Baba akasema.

Ijumaa tulipewa ofisi ya walimu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umejaa madawati mabovu. Meza ndefu ilisukumwa ukutani. Walimu walikaa na vikombe vyao, na mwalimu wa jiografia alikuwa amekuja na madaftari ya kusahihisha ili muda usipotee. Kengele alikaa karibu na kabati, mikono kifuani, kengele yake ya mkono ikiwa juu ya goti. Baba na Mjomba walivaa mashati yaliyopigwa pasi na Mama, moja baada ya jingine, na glavu zao za kazi.

Walianza vizuri. Nilitaja jambo moja moja, mvua, korido, mlango mfupi, wao wakalionyesha. Walipopitisha kioo chini ya feni, mwalimu wa jiografia aliacha kusahihisha. Walipokizungusha juu ya vichwa, mtu fulani alisema "Polepole jamani," kisha akajikohoza.

"Samahani," Kengele akasema. "Wamebeba nini?"

"Kioo, mwalimu," nikajibu.

"Sikioni."

"Ni cheupe," Mjomba akamwelezea.

Kengele akaitikia kwa kichwa. Nadhani hakutaka kuitikia.

Kisha tukafika mwisho. Wakatafuta ukuta, na ukuta pekee uliokuwa wazi ni ule wa mlangoni. Baba akatoa mfukoni vipande viwili vya mbao, ambavyo sikujua amekuja navyo, akavipanga sakafuni. Wakakishusha, wakakiegemeza, wakahakikisha hakitelezi. Wakavua glavu. Wakarudi katikati ya chumba, wakasimama wakielekeana, umbali wa hatua kadhaa.

"Uhusiano," nikasema.

Baba alitazama ubao wa matangazo. Mjomba alitazama swichi ya taa. Baba alikuwa anajaribu, Mungu wangu, alikuwa anajaribu. Hakuna kilichosogea ila feni.

"Kila mmoja amfuate mwenzake," nikasema. "Yeyote aanze."

Hakuna aliyeanza. Mwalimu wa jiografia akachukua kalamu yake tena, taratibu, kwa aibu.

Kengele akatazama saa, akasimama. Hakuwa na ubaya wowote. Ulikuwa muda wa mapumziko na kengele ilikuwa kwake. "Mwanangu," akaniambia, na alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma, "nimeona mafundi wakibeba. Hata barabarani huwa nawaona." Akashika kengele yake, akaelekea mlangoni.

"Simama!"

Walipiga kelele pamoja. Baba aliruka kiti. Mjomba alimdaka Kengele kiunoni. Kengele akabaki mguu mmoja hewani, kengele kaikumbatia kifuani isilie, na walimu wote, bila kuambiwa, wakavuta miguu yao chini ya viti.

"Usirudi kwa kisigino," Baba akamwambia. "Shemeji, mshike mkono wa huku."

"Nimemshika, shemeji. Wewe chukua kiwiko."

"Ninacho. Mwalimu, uzito wote huku kwangu. Wote. Usiogope."

"Siogopi," Kengele akasema, naye akamwachia uzito.

"Sasa tunakugeuza. Shemeji, wewe juu, mimi chini."

"Chini zaidi, shemeji, bega lisiguse."

Baba akashuka karibu na sakafu. Mjomba akanyanyuka kwenye vidole, mkono umepita juu ya kichwa cha Baba. Kengele akazunguka katikati yao juu ya mguu mmoja, polepole, uso wake ukiwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona darasani. Wakamzungusha mpaka mbali na ukuta, wakamshusha kando ya kabati, kisigino kwanza, kisha vidole. Na wakabaki hivyo kidogo, watatu wameshikana, wakisubiri kama kuna kitu kitakachoanguka.

Hakikuanguka kitu.

Baba akautazama ukuta. Mjomba naye akautazama. Kulikuwa na vipande viwili vya mbao sakafuni, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Hakipo," Mjomba akasema, polepole.

"Hakipo, shemeji," Baba akasema.

Glavu zao zilikuwa mezani.

Nilijua kazi imekwenda. Nilianza kufikiria nitakavyokaa kwenye kile kiti, na kama mtu anaweza kunyoosha mkono dirishani kwa namna tofauti tofauti, watu wa magari wakafurahi kidogo. Mwalimu Mkuu alikuwa anamtazama msaidizi wake.

"Kwa nini ulisimama?"

"Waliniambia nisimame."

"Na mguu uliuinua kwa nini?"

Kengele akafikiri. Nimesema si mtu mbaya. Ni mtu asiyeweza kusema uongo, na ndiyo sababu hana marafiki wengi. "Nilidhani nitakikanyaga."

"Utakanyaga nini?"

Mwalimu wa jiografia akainamisha uso kwenye kikombe.

"Kioo," Kengele akasema. Kisha akaliweka sawa shati lake. "Na kiondolewe hapo, tafadhali. Watoto wanapita."

Baba na Mjomba wakavaa glavu. Wakainama, wakapumua, wakakinyanyua. Kengele aliwafungulia mlango, akausukuma mpaka ukagota ukutani, akakaza tumbo wapite. Kisha akatoka nyuma yao akapiga kengele, dakika kadhaa baada ya wakati wake, jambo ambalo walimu walilizungumza wiki nzima.

Mwalimu Mkuu akabaki na mimi. "Ile ya mwisho uliiitaje?"

"Uhusiano, mwalimu. Lakini haikuwa imepangwa. Sitaki nikudanganye, hayo ya mwisho sikuwafundisha mimi."

"Walipanda na kushuka ulivyokuwa umewaonyesha kwenye mlango mfupi. Nilikuwa naangalia." Akakusanya miwani yake na funguo. "Uliahidi wawili, wamecheza watatu. Huyo wa tatu nimefanya naye kazi tangu tukiwa vijana na sijawahi kumwona akiegemea mtu. Njoo Jumatatu. Utaanza na darasa la nne, wana fujo."

Nikasema asante. Nadhani niliisema mara nyingi, maana alinigusa bega akaniambia inatosha.

Nilikwenda mbio uani. Watoto walikuwa wamejaa kila mahali, wanapiga kelele za mapumziko, na katikati yao palikuwa na njia iliyo wazi. Mwisho wa njia hiyo, karibu na geti, Baba na Mjomba walikuwa wamesimama na kioo chao.

"Nimepata," nikasema. "Baba, Mjomba, nimepata! Naanza Jumatatu."

Nyuso zao zilifunguka zote mbili kwa pamoja. Baba alitaka kunikumbatia. Nilimwona akisogea, akakumbuka mikono yake.

"Shemeji, tukiweke kwanza tumpongeze mtoto."

"Tukiweke hapa penye watoto, shemeji?"

"Pale ukutani."

"Pale pana jua, halafu udongo wenyewe haujakaa sawa. Kitateleza."

"Basi nyuma ya tangi."

"Nyuma ya tangi pana maji. Wewe shemeji, umezeeka kweli? Toka lini tukaweka kioo penye maji?"

"Mimi nimezeeka? Nani alikuwa anahema chini ya feni?"

"Nilikuwa nahema kwa sababu kuna mtu alikuwa anakwenda kama anafukuzwa!"

Wakaendelea hivyo. Wote wawili walikuwa wameshasema hakipo, mbele ya watu, na nilikuwa nimewasikia. Wangeweza kufungua mikono wakati wowote. Nilisimama pale nimekunja yangu, nikasubiri kupongezwa, wala sikutaka kuwakumbusha.

"Mwanangu, tangulia utufungulie geti," Baba akasema mwishowe. "Tutakwenda nacho tu nyumbani. Njiani tutaona."

Nikatangulia. Barabarani, mama mmoja alikuwa anakuja na ndoo ya maji kichwani. Akawatazama wale wanaume wawili na glavu zao, akatazama nafasi iliyokuwa kati yao, akasogea akajibana kwenye ua mpaka tukapita sote.

"Asante, mama," Mjomba akamwambia.

"Haya, poleni na kazi," akajibu.